Herufi Mbili za Koo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza, kama nilivyoanza kila kazi, hata barua za kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Salha, aliyekalia kiti changu sasa, ameniomba niandike ninayoyakumbuka katika miaka yangu ya kufasiri hati. Anasema vijana wa ofisini watasoma. Ninawajua vijana wa ofisini. Watasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Kwa hivyo jambo lenyewe nimeliweka katikati, wasilipate kwa urahisi.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili, katika chumba kimoja Ruwi, hapa Muscat, juu ya duka la vitambaa. Mwenye ofisi alikuwa Maalim Humud, mzee aliyesomesha Unguja kabla ya kuja huku, mwenye miwani ya aina mbili: ya kusomea hati na ya kutazamia watu. Wakati ule sisi tuliotoka Unguja tulikuwa tukichekwa kwa Kiarabu chetu. Cha chuo cha Kurani tulikuwa nacho, tena kila herufi na mahali pake, lakini sokoni tulikuwa tukiomba nyanya kama wanaotoa hotuba ya Ijumaa. Maalim alinichukua kwa sababu mbili: baba yangu alimwomba, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nadhani sababu ya pili aliizua baadaye.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya taipureta ya Kiarabu, nzito kama jiwe la kusagia. Tulichapa nakala tatu kwa karatasi za kaboni. Ukikosea herufi moja ukurasani, unatoa zote tatu na kuanza upya. Nimewahi kuwaambia vijana jambo hili nikidhani watanionea huruma. Mmoja akauliza kaboni ni nini.

Wiki ile ile ya kwanza nilipewa cheti cha kuzaliwa cha bwana mmoja kutoka Unguja. Jina la mama yake lilikuwa Sikudhani, na bibi yake akiitwa Tatu. Mimi nilikuwa mfasiri, na pale niliona maneno, basi nikayafasiri. Sikudhani nikaliandika kwa Kiarabu chenye maana ya mtu asiyedhani, na Tatu nikamwandika kuwa ni hesabu ya tatu. Serikali ingesoma kwamba huyu bwana mama yake ni jambo lisilotarajiwa na bibi yake ni namba.

Maalim Humud alipoisoma alicheka mpaka akavua miwani, ile ya kusomea. Kisha akavaa ile nyingine.

"Binti," akaniambia, "neno lina maana. Jina lina mwenyewe. Ukikutana na neno, tafuta maana yake. Ukikutana na jina, mtafute mwenyewe."

Na ndivyo alivyokuwa akifanya kazi. Hakuna hati iliyogongwa muhuri kabla mwenyewe hajaitwa, akakalishwa, akasomewa majina yote kwa sauti kutoka katika Kiarabu. Mwenyewe akiitikia kwa kichwa, muhuri unashuka. Akikunja uso, tunarudi kwenye taipureta. Tuliita "kusomeana." Nimewasomea mabaharia, wapishi, mayaya, na wahandisi wa kisima cha mafuta waliokuja na tope kwenye viatu. Palikuwa na bwana mmoja kutoka Kerala ambaye jina lake lilihitaji pumzi mbili. Maalim alinifundisha pa kupumzika.

Miaka ikaenda, Alhamdulillah, kwa salama. Ofisi ikahamia Al Khuwair, karibu na wizara. Taipureta ikaenda, ikaja kompyuta, na karatasi za kaboni zikabaki mabunda mawili ambayo hakuna aliyethubutu kuyatupa. Maalim Humud akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na kazi ikashikwa na mwanawe Nabil, ambaye nilikuwa nikimpa peremende ili atulie baba yake akiwa na wageni. Kisha ikaja simu. Mteja anapiga picha hati yake akiwa kitandani, anatuma, tunafasiri, tunagonga muhuri, inapelekwa. Kusomeana kukafa. Hakuna aliyekuua, hakukupata nafasi tu. Na mimi niliyefundishwa na Maalim mwenyewe nilikuwa wa kwanza kufurahia kutoka ofisini saa nane.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini tulitumiwa cheti cha ndoa na mhandisi mmoja wa Ukraine anayeitwa Serhii. Kazi yake ni mitambo ya baridi, ile ya maghala ya samaki na mboga. Alikuwa Muscat kabla ya vita vya kwao. Vita vilipopamba moto, mkewe na binti yao wa miaka tisa wakamfuata kwa viza ya matembezi, na matembezi yakarefuka. Waliongezewa muda mara ya kwanza, ya pili, mpaka wakaambiwa hii ndiyo ya mwisho. Katika fomu zetu hakuna kisanduku cha mkimbizi. Kwa lugha ya karatasi wao walikuwa wageni waliochelewa kuondoka.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Kampuni ya kwanza ya Serhii ilifungwa, akapata nyingine, akapewa ukaazi mpya, na mwenye ukaazi anaweza kumwombea mkewe na mtoto. Ila lazima athibitishe kwamba mke ni mke wake. Cheti cha ndoa kilikuwa kimeshafasiriwa kwao kuwa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kukitia katika Kiarabu, kisha kipelekwe wizarani kigongwe, kisha kiende idara ya ukaazi. Siku zao zilikuwa zimebaki thelathini na kitu.

Katika cheti jina la mke lilikuwa Olha.

Nataka mlielewe vizuri kosa langu, maana ni kosa la mtu anayejiona anajua. Olha, kwa herufi za Kiarabu, ukiliandika kama lilivyo, mtu yeyote atalisoma "awwaluha," yaani wa kwanza wake, au mwanzo wake. Nikaliona halina heshima, mtu mzima kuitwa mwanzo wake. Tena nikajiambia, jina hili mimi ninalijua, ni Olga. Kila mtu amewahi kusikia Olga. Huyo aliyefasiri kwao ndiye amekosea kidole. Na katika Kiarabu hakuna g ya Olga, tunaandika kwa ghaini. Nikaandika ghaini. Nikagonga muhuri, nikaenda kusali adhuhuri nikiwa na raha ya mtu aliyemstahi mwenzake.

Kikagongwa wizarani bila swali. Siku kumi na tano baadaye Serhii akaja ofisini mwenyewe, amevaa sare ya kazi, faili kifuani. Mtu mrefu, hana maneno. Kiarabu chake ni cha ghalani na Kiingereza chake kinafanana nacho. Akaweka karatasi mezani kwangu, akaonyesha jina kwa kidole.

Ilituchukua muda kuelewa. Faili lilikuwa limekataliwa. Viza ya mkewe, ambayo iliandikwa na mashine ya mpakani, ilikuwa na he, ile herufi ya h. Cheti cha ndoa kilikuwa na ghaini. Mashine haina kiburi. Imeona herufi, ikaandika herufi. Ofisa wa dirishani aliona wanawake wawili, mmoja aliyeingia nchini na mwengine aliyeolewa. Akamwambia Serhii kwamba akiwa na wake wawili si tatizo, ila kila mmoja aje na cheti chake. Yule masikini hakuelewa kwamba ni mzaha. Alikuwa amekuja kuapa mbele yetu kwamba mke wake ni mmoja.

Mimi nikasema ofisa amekosea. Nikasema jina ni Olga, dunia nzima inalijua. Salha, aliyekuwa meza ya pili, akanitazama kwa upole unaoudhi.

"Bi Zuwena," akasema, "mwenyewe uliwahi kumuuliza?"

Nikamwambia Serhii amlete mkewe kesho.

Akaja Olha pamoja na binti yao, Daryna. Mwanamke mwembamba, nywele amezifunga nyuma, anatazama mlango kila unapofunguliwa. Nikamkalisha kwenye kiti kile cha kusomeana, ambacho kilikuwa kimegeuzwa mahali pa kuwekea vitabu. Nikamwomba kwa Kiingereza aseme jina lake. Akasema. Nikamwomba tena. Akasema tena, sasa kidogo kidogo, kama anavyosema mtu na kiziwi. Bado nilikuwa nikisikia nilichokuwa nikitaka kusikia. Basi akachukua simu yake, akaipumulia kioo kama anayetaka kukifuta, kikafanya ukungu. Akasema, hapo, sauti inatoka hapo.

Niliposomeshwa chuoni, maalimu wetu alikuwa akituwekea vidole kooni ili tujue kila herufi inatokea wapi. He na ghaini zote ni herufi za koo. Lakini he hutokea mwisho kabisa kwa ndani, karibu na kifua, pale pumzi inapoanzia. Ghaini hutokea mwanzo wa koo, karibu na mdomo. Nimelijua hilo tangu nina miaka saba. Na yule mama alikuwa amekaa mbele yangu akitoa he safi kuliko ya wengi wanaosalisha, na mimi nilikuwa nimemhamisha urefu wa koo zima.

Nikamuuliza kwa nini basi watu husema Olga. Akanieleza kwamba kwa maandishi yao herufi ni ile ile moja, ila husomwa kwa namna mbili kulingana na lugha. Utotoni mwake watu wa ofisini walikuwa wakimwita Olga. Mama yake alikuwa akimwita Olha. Alipokata pasi yake mwenyewe, alichagua la mama yake.

"Sikukukasirikia," akaniambia. "Nimezoea. Ila safari hii nimeogopa."

Nikamwomba radhi. Akasema si kitu. Lakini ilikuwa kitu, na sote tulijua, maana siku zilikuwa zimebaki kumi na moja. Zikipita, yeye na mtoto walitakiwa watoke nchini, na kwao hakuna pa kurudi. Jengo walilokuwa wakikaa bado limesimama, aliniambia, ila ngazi hazipo.

Nilikwenda kwa Nabil. Akanisikiliza hadi mwisho, kama baba yake, kisha akasema ambayo baba yake asingeyasema.

"Bi Zuwena, herufi moja. Tunachapa upya, tunagonga muhuri, tunampa aende zake. Nani atajua?"

"Wizara ina nakala."

"Nakala iko kwenye faili, na faili liko kabatini."

"Likitoka kabatini, mwanangu? Cheti kimoja, muhuri mmoja, majina mawili. Hawatauliza mfasiri gani kakosea. Watauliza huyu mwanamke ni nani."

Nabil akasema kwa sauti ya chini, na najua alikuwa akinionea huruma, si kujihurumia. "Umebakisha wiki tatu ustaafu. Miaka yote hii karatasi yako safi. Unataka kuichafua mwishoni?"

"Imeshachafuka. Nnataka kuifua."

Usiku ule nilisali istikhara. Nitasema kweli: jambo lenyewe halikuhitaji istikhara. Ukweli hauombewi uamuzi. Nilikuwa natafuta pa kuchelewea. Nilipomaliza nikaona nimechelewa dakika ishirini na bado kalamu iko pale pale, basi nikaandika. Barua ilikuwa fupi. Nilisema kwamba mimi, mfasiri mwenye leseni, jina la mwenye hati niliandika kwa dhana yangu bila kumuuliza mwenyewe, na kwamba kosa ni langu, si lake wala si la waliomwandikia. Nilipofika kwenye neno "dhana" nikasimamisha kalamu. Nikamkumbuka Sikudhani, mama wa yule bwana wa Unguja. Miaka yote ile, na mwanafunzi wa Maalim Humud amerudia kosa la wiki yake ya kwanza. Mara ile sikudhani. Mara hii nilidhani.

Asubuhi yake Nabil akagonga muhuri wa ofisi chini ya wangu, kwenye barua na kwenye tafsiri mpya yenye he. Nafikiri usiku ule naye alikuwa amesikia sauti ya baba yake.

Barua ilihitaji saini ya Olha pia, kwa hivyo nikaenda kwao Darsait. Walikuwa na vyumba viwili juu ya karakana ya kutengeneza mafriji, na kelele za chini zilikuwa zikipanda mpaka kwenye vikombe. Akanipa chai kavu na limau. Alipofungua kabati kutoa sukari niliona ndani. Mchele ulikuwa katika vifuko vya nusu kilo, viwili. Mafuta katika kichupa cha safari. Chumvi katika kijikaratasi. Duka lililo mlangoni kwao linauza mchele kwa magunia, kama maduka yote ya huku. Nani Muscat ananunua mchele kwa nusu kilo? Nikauliza kama mzaha. Akajibu bila mzaha.

"Sijui kama tutaumaliza."

Nikaacha chai. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo tulipofika. Mwaka wa kwanza, karatasi za uraia za baba zilipokuwa zinaenda na kurudi, maana ilibidi athibitishe babu yake ni nani na wa kabila gani, mama alikuwa akinunua mchele kwa kikombe. Jirani akimshauri anunue gunia, anasema tutaona. Siku karatasi zilipotoka, baba hakutuambia. Aliingia na gunia begani, akalitua jikoni. Mama hakuuliza. Alilitazama gunia, akakaa kitako chini, akalia mpaka tukaogopa. Nilikuwa na miaka kumi na nne na sikuelewa mchele unalizaje.

Sikumsimulia Olha. Alikuwa na yake ya kutosha. Nilimpa kalamu, akatia saini, na nikaona anaandika jina lake polepole, akiikazia ile herufi.

Siku iliyofuata Salha alitupeleka wote watatu kwa gari lake, mimi, Olha na Serhii, wizarani kwanza kugongesha tafsiri mpya, kisha idara ya ukaazi. Daryna aliachwa kwa jirani. Mashine ya namba pale idarani ilikuwa mbovu, na maofisa walikuwa wakiita watu kwa majina. Tulikaa. Nilikuwa nikivuta uradi wangu kwa vidole, maana tasbihi nilikuwa nimeisahau, na Serhii alikuwa akitazama vidole vyangu kana kwamba ninahesabu dakika.

Dirisha la tatu, yule yule ofisa wa mzaha wa wake wawili, binti wa miaka kama thelathini, akachukua faili, akalitazama, akaita kwa sauti kubwa:

"Awwaluha!"

Wanaume watatu wakasimama. Kila mmoja akaelewa kwamba anaitwa wa kwanza katika foleni, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ni yeye. Mmoja akafika dirishani na karatasi zake, akaanza kueleza kwamba amefika kabla mlango haujafunguliwa, na mlinzi ni shahidi. Yule binti akamwambia haiti wa kwanza, anaita Awwaluha. Bwana akasema ndiyo, ndiye mimi. Wa pili akamwambia, we bwana, mimi nimekukuta hapa, au wewe ndiye uliyenikuta? Wa tatu akarudi kukaa, akasema yeye ni wa tatu, hana haja ya ugomvi. Chumba kizima kikacheka.

Olha akaniuliza kuna nini. Nikamweleza jina lake linasomwaje huku. Akafikiri kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka, kwa mkono juu ya mdomo.

"Basi siku zote mimi ndiye wa kwanza," akasema, "na siku zote nasubiri."

Tulipofika dirishani ofisa akaisoma barua yangu mara mbili. Akanitazama, akasikia nilivyomsalimu kwa Kiarabu changu cha hotuba, na akageukia Kiswahili.

"Bibi, wewe wa Unguja?"

"Wa Unguja, mwanangu."

"Na bibi yangu wa huko." Akarudi kwenye barua. "Kwa hiyo uliona awwaluha, ukaandika ghaini."

"Niliona haya kwa niaba yake."

"Na yeye alikuwa anaona haya?"

"Sikumuuliza."

Akatikisa kichwa, si kwa kuridhika wala kwa kukasirika. Akasema barua ameipokea, cheti kipya amekipokea, lakini uamuzi si wake, lazima faili lipande juu. Nikamwambia siku zao zimebaki tisa. Akasema anaziona. Niwe mkweli, Kiswahili hakikufupisha njia hata hatua moja. Kilifupisha maelezo tu, na hilo nalo ni neema.

Siku zikaanza kupungua. Nane, saba, sita. Nilikuwa nikifika ofisini, nikisafisha droo zangu, maana ndizo zilikuwa siku zangu za mwisho pia, na nikisikia simu ya Salha ikilia najikuta nimesimama. Serhii alikuwa akipiga kila siku baada ya alasiri, akisema "mafi," hakuna. Neno hilo alilijua vizuri. Tano. Nne. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa kila dua ninayoijua, na nilipozimaliza nikaomba kwa Kiswahili cha jikoni: Mola wangu, kosa ni langu, usilipize kwa mtoto.

Zilipobaki siku tatu, simu ikaja asubuhi. Saa hiyo haikuwa saa yake ya kupiga.

"Mama Zuwena," akasema Serhii. "Khalas."

Nikakaa. Mnajua neno hilo huku linavyotumika. Khalas ni imekwisha. Kazi ikitimia husemwa khalas, na mtu akifukuzwa husemwa khalas. Nikamuuliza, khalas vipi? Akarudia khalas. Nyuma yake nikasikia mwanamke anapaza sauti, sikuweza kujua analia au anafanya nini. Nikasema kwa ukali, na sijawahi kuwa mkali kwa mteja, "Serhii, khalas nzuri au khalas mbaya?"

Akatafuta neno. "Kadi," akasema. "Kadi, kadi. Olha kadi. Daryna kadi. Khalas."

Nikaenda kwenye kijichumba chetu cha kutengenezea chai, nikatandika mtandio wangu kati ya mtungi wa maji na pipa la taka, nikaanguka sijida ya kushukuru. Salha aliingia kutafuta maji, akanikuta, akatoka taratibu akafunga mlango. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilipoinuka magoti yalikuwa yananiuma, na ilikuwa raha.

Mwambieni Nabil kwamba na hili nimelisema, kama nilivyomwahidi. Kabla sijastaafu nililetewa barua ya onyo kutoka wizarani. Ilikuwa ya heshima, tena fupi, na walikuwa na haki. Ila jina langu walilikosea. Walinipa jina la mtu mwengine kabisa. Salha akasema niliache, ni bahati. Nikairudisha irekebishwe. Onyo lazima limfikie mwenyewe. Sasa liko katika faili langu, kwa jina langu, na karibu yake imo ile tafsiri yenye ghaini. Droo ya juu, mkono wa kulia. Msiitupe. Kila anayeanza kazi aisome kabla hajapewa muhuri.

Kiti cha kusomeana kimeondolewa vitabu. Salha sasa humpigia simu kila mteja, akamsomea majina yote kwa sauti. Wengine hukasirika, wana haraka. Aendelee. Maalim Humud naye alikuwa akiwaudhi watu.

Wiki moja baada ya kustaafu nilikuwa nyumbani nikichambua kunde, simu ikalia. Ni Olha. Baada ya salamu akasema ana swali la jikoni, na aliona vibaya kumuuliza jirani. Serhii amepandisha gunia la mchele ghorofani, gunia zima, na jirani amemwambia kwa joto la huku utaingia fukusi, wale wadudu wa nafaka. Watu wa Muscat hufanyaje?

Nikamwona mama amekaa kitako chini. Kisha nikamwambia atie karafuu, si nyingi, azichomeke ndani kabisa, si juu tu, na gunia asiliweke chini sakafuni. Akarudia kila kitu, nikasikia anaandika. Akaniuliza gunia kama hilo, kwa watu watatu, huchukua muda gani kwisha. Nikamwambia wakijaaliwa litawafikisha karibu na Ramadhani.

"Sawa," akasema. "Tutakuwepo, inshallah."

Na ile he ya mwisho, ambayo wengi wetu tunaimeza, yeye aliitoa mahali pake hasa.